Muuza Tofu wa Dongliu na Ahadi ya Wimbo Mrefu

Mvuke umejaa bandani kiasi kwamba taa haionekani ilipo, unaonekana mwanga wake tu. Nje kungali giza na baridi inauma masikio, lakini humu ndani Geng Mancang amekunja mikono ya shati mpaka viwikoni na jasho linamtiririka shingoni. Anakoroga sufuria kubwa ya maziwa ya soya kwa upawa wenye mpini mrefu, na huku anakoroga, anaimba.

Wimbo wake hauna maneno. Ni majina ya sauti tu, yale ambayo kila mpiga zumari wa kijiji cha Dongliu hufundishwa kuyaimba kwa miaka kadhaa kabla hajaruhusiwa kushika chombo. Sauti inapanda taratibu, inakaa, inashuka. Penye meko, mkwe wake Tian Jinrui anasukuma mabua ya mahindi motoni. Hatazami saa. Saa yake ndiyo hiyo inayoimba.

"Nikimaliza sehemu ya kwanza, anaengua povu. Nikiingia ya pili, anapunguza moto," anasema Mancang. "Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia mimi nimeoa sufuria, yeye ni mgeni tu hapa nyumbani."

Kisha ananyamaza katikati ya sauti. Anachukua kata ya maji machungu ya chumvi na kuyamimina kwenye maziwa, uzi mwembamba, mkono ukizunguka polepole, pumzi ameizuia. Jinrui naye ametulia. Kata inapokwisha, maziwa yanaanza kukatika na kuwa mabonge meupe, na hapo mzee anaendelea na wimbo pale pale alipouacha, safari hii kwa mwendo wa haraka.

Kando ya meko kuna kigoda cha mti, na juu ya kigoda kuna bakuli la maziwa ya soya ya moto. Hakuna anayeyanywa. Yatapoa hivyo hivyo, kisha Mancang atayanywa yakiwa baridi kabla ya kutoka na baiskeli yake ya magurudumu matatu kwenda kuuza.

Mancang ana miaka sitini na sita. Tofu yake huizungusha Dongliu na vijiji viwili vya jirani kwenye tambarare hii ya Hebei, ambako ukisimama juu ya tuta la mfereji unaona ngano mpaka macho yachoke. Siku nzuri hubakiwa na yuan sitini au sabini baada ya kutoa gharama ya soya. Mwanawe, mume wa Jinrui, yuko Tianjin kwenye ujenzi, na hurudi wakati wa mavuno ya ngano na mwaka mpya.

Tofu ndiyo kazi. Zumari si kazi, na anayetaka kumuudhi Mancang amwite mpiga muziki wa kukodiwa. Chama cha muziki cha Dongliu hakina mshahara wala bei. Hupiga mwezi wa kwanza mbele ya picha za miungu, ili mwaka ufunguke vizuri, na hupiga mtu akifa. Harusini hawaendi kabisa. Kwa msiba wanapokea chai na sigara, basi. Na hiyo chai sehemu yake haimfikii mtu tumboni, kwa sababu tete la zumari hulowekwa ndani ya kikombe mpaka lilainike.

Kinachotakiwa ni kimoja. Mtoto wa marehemu aje mwenyewe mpaka mlangoni pa nyumba ya chama, apige magoti, kichwa kiguse chini. Hapo wazee huinuka, huosha mikono, huwasha ubani na kufungua masanduku ya vyombo. Anayepiga simu hajibiwi.

"Ukichukua hela, unakuwa umemuuzia mtu huzuni yake mwenyewe," anasema Mancang. "Sisi huzuni yake tunamsaidia kuibeba, tukifika kaburini tunaiweka chini, tunarudi kwenye mashamba yetu."

Anayasema hayo bila majigambo, akikunja kitambaa juu ya sanduku la kukandamizia tofu. Anaweka mawe mawili juu yake na kukaa. Kigoda kile hakikalii. Anakaa juu ya gunia.

Kigoda kilikuwa cha Bian Dekuan, mpiga ngoma mkuu wa chama, aliyefariki vuli iliyopita akiwa na miaka sabini na tisa. Kwa zaidi ya miaka thelathini Dekuan aliingia bandani humu kila alfajiri, akakaa, akapewa bakuli la kwanza. Mancang akiimba, yeye aliupigia wimbo vidole juu ya kifuniko cha pipa. Hawakuwa na mazungumzo mengi. Wakizungumza, ilikuwa kutaniana.

"Aliniambia zumari langu linalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni," anakumbuka Mancang. "Mimi namwambia, Kaka, afadhali mbuzi, ngoma yako wewe ni kama mtu anagonga choo wakati kina mtu."

Katika miaka hiyo yote waliahidiana jambo moja, na walilisema wazi mbele ya wenzao. Atakayetangulia, aliyebaki atamuaga kwa Wimbo Mrefu, wote, bila kuruka sehemu. Wimbo Mrefu ndio mkubwa kuliko nyimbo zote za Dongliu. Hupigwa uani kwa marehemu kabla jeneza halijainuliwa, na zumari ndilo linaloongoza. Pasipo zumari, vyombo vingine ni kelele ya watu walioketi pamoja. Siku hizi familia nyingi huomba kipande chake tu, wageni wasichoke. Dekuan hakutaka kipande.

"Aliniambia, mimi nimewapigia watu wote wa kijiji hiki mpaka mwisho, mniache mimi katikati? Nikamwambia, Kaka, hata kama nimebaki na jino moja, nitakupigia."

Alisema hivyo kwa mzaha, na sasa mzaha huo unamuuma. Vuli ile ile, Dekuan akiwa bado hai, fizi za Mancang zilivimba, meno ya mbele yakacheza, na daktari mjini akayang'oa yote ya juu na karibu yote ya chini. Zumari la Dongliu lina tete pana lenye nguvu. Mpigaji hukunja midomo juu ya meno na kulibana. Bila meno, pumzi inavuja pembeni na sauti inatoka imelegea.

Akatengenezewa meno ya bandia. Siku ya kwanza kuyajaribu kwenye nyumba ya chama, alivuta pumzi, akapuliza, na meno ya juu yakaruka mpaka kwenye kikombe cha chai cha mpiga sheng, chombo cha mianzi cha kupuliza. Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Dekuan, aliyekuwa tayari anakohoa kifua kibaya, alicheka kuliko wote.

"Haya, Mancang," alisema akifuta machozi, "hilo jino moja uliloniahidi liko wapi?"

Mancang alicheka pia. Jioni alirudi nyumbani akajifungia bandani, na Jinrui, aliyepita na ndoo ya maharage, alimsikia akilia. Dekuan alikufa kabla mahindi hayajaisha kuanikwa.

Mwanawe, Bian Zhiyong, ana duka la vifaa vya ujenzi Baoding. Si mtu mbaya. Alikuja na gari, akamkuta mama yake, Bibi Fengxian, ameshavaa nyeupe ya msiba, na alichofikiria ni kumpa baba yake heshima inayoonekana. Akapiga simu kukodi kundi la muziki la kwenye lori: spika ndefu kuliko mlango, wasichana wa kuimba, taa za rangi. Bei yake ni yuan elfu tatu kwa siku, na majirani husikia mpaka kijiji cha tatu.

Bibi Fengxian hakupaza sauti. Waliokuwepo wanasema alikuwa anakunja karatasi za kumchomea marehemu, na aliendelea kuzikunja.

"Baba yako amepiga ngoma miaka hamsini kwa kikombe cha chai," alimwambia. "Amewasindikiza mpaka waliokuwa wanamtukana. Leo wewe unamuaga kwa lori?"

"Mama, chama chenyewe kiko wapi? Mpiga zumari hana meno. Mnataka Baba apigiwe na nani?"

"Hilo si la kwako. La kwako ni magoti. Nenda."

Zhiyong alikwenda. Alivuka kijiji akiwa na kitambaa cheupe kichwani, akapiga magoti mlangoni pa nyumba ya chama, paji la uso likagusa matofali. Ndani walikuwa wazee saba. Kwa kawaida huinuka papo hapo. Siku hiyo walitazamana.

Mancang anasema hajawahi kuona aibu kama ile. "Mtoto yuko chini, anasubiri, na mimi ndiye wa kuinuka kwanza. Nainuka na nini? Nikaona bora ningelala mimi mle kwenye jeneza, Kaka Dekuan angepiga ngoma, na mpuliza zumari angetafutwa."

Mwishowe aliinuka, akamshika Zhiyong mkono na kumsimamisha. "Tutakuja, mwanangu," alimwambia. Mtoto alipoondoka, Luo Changshun, mpiga sheng, yule ambaye kikombe chake kiliingiliwa na meno, aliuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni. Luo ndiye mkali wa chama. Sheng yake, kile chombo cha mianzi mingi kinachobebwa mkononi kama shada, haijawahi kukosea, na yeye hamsamehi anayekosea.

"Tutakwenda na zumari gani?"

"La Jinrui," alisema Mancang.

Jambo hilo linahitaji kuelezwa. Tete jipya la zumari ni gumu, na lazima mtu alipulize siku nyingi mpaka lizoee. Fizi za Mancang zilikuwa zimeanza kumuuma miaka minne kabla. Akawa anampa Jinrui amlainishie matete, mle bandani, wakati tofu iko chini ya mawe. Mwanzoni ilikuwa sauti moja tu, ndefu. Msimu wa baridi uliofuata zikawa mbili tatu. Kisha mzee akawa anapita nje na kusikia kipande kizima cha wimbo kikipigwa, naye hugeuka na kwenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

"Nilijua," anakiri. "Nilinyamaza. Ningesema, ningelazimika kumkataza."

Mpaka siku hiyo mwanamke alikuwa hajawahi kupiga katika chama cha Dongliu. Wanawake hubaki jikoni kwenye msiba, na Jinrui mwenyewe, tangu aolewe hapa, misiba yote alikuwa ameipitia nyuma ya nyumba akikata tofu ya wageni. Wimbo Mrefu aliusikia kwa baba mkwe, bandani, kila siku. Kwenye maziko yenyewe alisikia vipande vyake katikati ya kelele za masufuria.

"Mancang, umeng'olewa meno au akili?" Luo alimwuliza. "Tangu lini mwanamke akashika zumari mbele ya maiti?"

"Tangu wanaume wako wote walipokwenda Tianjin, Kaka. Nitajie mwingine. Mmoja tu."

Luo alifikiri. Hakumpata. Akasema basi aletwe, asikilizwe, na asipoweza yaishe.

Jinrui aliitwa akiwa na mikono yenye soya. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango kana kwamba ataondoka wakati wowote, akaanza kuimba sauti za Wimbo Mrefu tangu mwanzo. Luo alikuwa amekunja mikono. Ilipofika sehemu ya pili mikono ilikunjuka, na vidole vyake vikaanza kutafuta matundu ya sheng ambayo hakuwa ameishika. Kisha Jinrui akaacha kuimba ghafla, katikati ya sehemu hiyo. Wazee wakamsubiri. Baada ya kitambo akaendelea mpaka mwisho.

"Anaweza," Luo alisema, na maneno yalimtoka kwa shida. "Pumzi ndiyo fupi. Pale katikati imemwishia. Ni mwanamke, tutafanyaje."

"Pumzi haikuisha, Baba Luo," alisema Jinrui. "Pale ndipo panaposimamwa."

"Nani amekwambia panasimamwa?" Mancang alidakia.

"Wewe, Baba."

"Mimi? Mimi nimeupiga huu wimbo miaka arobaini, hapo sijawahi kusimama hata siku moja!"

"Unasimama kila siku. Unamimina maji ya chumvi."

Mpiga matoazi akaanza kucheka, na mwingine, na Luo mwenyewe akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Mancang alikuwa hajui. Miaka yote hiyo aliamini anaimba wimbo mzima bila kukatiza. Mkwe wake alikuwa ameujifunza pamoja na tofu ndani yake.

Mchana kutwa walifanya mazoezi, na kwenye zumari Jinrui alipita mahali pale bila kusimama, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila alipokaribia, Luo alimkazia macho. Mancang, aliyekuwa ameamua kushika ngoma ya Dekuan kwa kuwa mikono yake haikuhitaji meno, alimwambia akumbuke jambo moja tu: msibani hakuna sufuria.

Siku ya maziko ua wa Bian ulijaa. Lori la spika lilikuwepo pia, kwa kuwa Zhiyong alikuwa ameshalipa na walipaji wa Baoding hawapendi kupoteza. Liliwekwa mwisho wa uchochoro, likaambiwa lisubiri zamu yake. Wasichana wa kuimba waliketi kwenye ngazi ya lori wakila tofu ya msiba kwa vijiti, na walipomwona Jinrui akiingia uani na zumari, mmoja wao alisimama ili aone vizuri.

Kulikuwa na minong'ono. Kikongwe mmoja aliuliza kwa sauti iwapo yule ni mkwe wa muuza tofu ama macho yake ndiyo yameharibika. Bibi Fengxian, aliyepiga magoti kando ya jeneza, alimjibu bila kugeuka.

"Ni yeye. Nimemtaka mimi. Mume wangu ndiye aliyelala hapa, au ni wako?"

Jinrui alilitoa tete kwenye kikombe cha chai, akalipachika. Anasema alichofanya ni kutazama kisigino cha kiatu cha baba mkwe. Mancang aliinua fimbo za ngoma. Zikaanguka mara moja, nzito, na zumari likaingia.

Waliolisikia wanatofautiana. Wapo wasemao halikuwa na nguvu kama la Mancang. Wengine wanadai lilikuwa wazi zaidi, na kila sauti ilisikika ilipoanzia na ilipokwisha. Sehemu ya kwanza ilipita. Ya pili ikaingia, sheng zikiijaza kwa chini, upatu mdogo ukidondoka juu yake. Luo alikuwa amefumba macho, jambo ambalo kwa Luo ni sifa.

Kisha wakafika mahali pale, na zumari likanyamaza.

Jinrui anasema hakuamua. Vidole vilikuwa tayari kwenye sauti inayofuata, lakini pumzi ilijizuia yenyewe, kama inavyojizuia kila alfajiri akiangalia ule uzi wa maji ukiingia kwenye maziwa. Alijua amekosea. Aliinua macho kumtazama Mancang, akitegemea kuona hasira, na akamwona fimbo zake ziko juu, hazishuki. Mkono wake nao ulikuwa umesimama.

Zumari limenyamaza na ngoma imenyamaza. Wengine wote hawana wa kumfuata. Sheng zikakatika. Matoazi yakabaki yametengana. Ua mzima ukawa kimya, na katika kimya kile zilisikika nguo nyeupe za wafiwa zikipepea, na kuku akiparua majani nyuma ya jiko.

Kilidumu kiasi gani, kila mtu ana jibu lake. Zhiyong anasema alidhani wimbo umeharibika na aliona aibu ikimpanda usoni. Luo anasema kilikuwa kirefu kama msimu. Anachokumbuka Mancang ni kitu kingine.

Katika miaka ile yote, akimimina maji ya chumvi, bandani kulikuwa na sauti moja tu. Dekuan alikuwa akiacha kupiga vidole, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Alikunywa vibaya, kwa mfyonzo mkubwa ambao Mancang alimtukania karibu kila siku. Ule mfyonzo ukiisha, kata nayo imekwisha, na wimbo unaendelea.

"Nilikuwa namsubiri anywe," anasema. Anatazama mawe yaliyo juu ya tofu, na maji yakidondoka chini ya sanduku. "Fimbo ziko juu, watu wote wananitazama, na mimi nasikiliza. Ndipo nikajua amekufa. Siku mbili nzima nilikuwa nimemwosha, nimemvalisha, nimembeba. Sikuwa nimejua."

Fimbo zilishuka. Jinrui aliingia na sehemu ya haraka, na wote wakamfuata mpaka mwisho, bila kuruka kitu. Mancang alipiga ngoma huku machozi yakimwingia kwenye midomo isiyo na meno, na hakuna aliyemcheka. Jeneza likainuliwa. Bian Dekuan akaondoka nyumbani kwake na wimbo wake mzima.

Lori la spika lilipoambiwa zamu yake imefika, dereva alisema wasichana wameumwa na baridi, akawasha injini na kuondoka polepole. Yule msichana aliyesimama kwenye ngazi aliwapungia mkono.

Kwenye chai, baada ya kaburi, Jinrui alikwenda mbele ya wazee kuomba radhi. Kabla hajafungua mdomo, mzee mmoja wa chama cha kijiji jirani, aliyekuja kama mgeni, alimsogelea Luo.

"Kile kituo mlichoweka katikati ya sehemu ya pili," alimwuliza, "sisi hatuna. Mmekitoa wapi?"

Luo Changshun, ambaye hajawahi kumsamehe mtu sauti iliyokosewa, alikunywa chai yake bila haraka.

"Ndivyo tulivyorithi," alisema.

Wiki chache baadaye akafa kikongwe mmoja upande wa mashariki, watu wakapiga magoti, chama kikainuka. Jinrui alikuwa amejiandaa kupita pale bila kusimama. Walipofika mahali pale, sheng ya Luo ndiyo iliyonyamaza kwanza, na akamkodolea macho mkwe wa muuza tofu kana kwamba yeye ndiye asiyeujua wimbo. Tangu hapo Dongliu husimama.

Msimu huu wa baridi nyumba ya chama ina wanafunzi wapya, na wote ni wanawake: mke wa fundi baiskeli, mwalimu wa chekechea na wengine wawili ambao waume zao wako mbali. Wanakaa kuzunguka jiko la makaa wakiimba majina ya sauti, na Luo huwazungukia akilalamika kwamba wanaimba kama wanaouza vitunguu. Hajakosa hata siku moja. Jinrui ndiye anayewafundisha zumari. Mancang amehamia ngoma moja kwa moja, na meno ya bandia huyavaa akienda kuuza tu, ili wateja wamwelewe bei.

Kunapambazuka sasa. Tofu imeshika, Jinrui anafunua kitambaa na mvuke wa mwisho unapanda. Anakata vipande, anavipanga kwenye ubao, anafunika kwa blanketi kuukuu. Mancang anachukua lile bakuli juu ya kigoda, limekwisha poa, analinyanyua kwa mikono miwili na kunywa. Hafyonzi. Anasema amejaribu, bila meno haitoki.

Ana mpango gani? Kwa swali hilo anacheka kwanza. Anataka wanawake wale wamalize Wimbo Mrefu kabla ya mwaka mpya ujao, wakae mstari wa mbele mwezi wa kwanza, mbele ya picha za miungu, na anayetaka kunong'ona anong'one. Anataka mwanawe arudi angalau kwa miezi ya baridi. Kisha anaufunga mkanda wa baiskeli, na la mwisho analisema akiwa amempa Jinrui mgongo, kana kwamba anazungumza na tofu.

"Siku yangu ikifika, niupigiwe wote. Na pale katikati msimame, msikimbie, kata iishe."

"Tutasimama, Baba," anasema Jinrui.

"Kusimama tu hakutoshi. Wekeni bakuli, na mtu anywe. Hata Luo, na ule mdomo wake. Anywe kwa sauti, isikike uani kote." Anapanda baiskeli, anatafuta pedali kwa mguu. "Mimi sitaki kulala pale nikisubiri."